Naambiwa nimfiche nyanya ya mtoto kwamba kambi ni ya kanisa. Nifanyeje?

Kwako mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kisauni, na huu ni mwaka wa sita nafundisha watoto kanisani kila Jumapili. Miaka mitatu iliyopita walikuja kwetu mume na mke, wamisionari kutoka ng'ambo. Kazi yao ni kambi za watoto. Wanatafuta kiwanja karibu na pwani, wanapiga mahema, watoto wanalala huko siku nne tano. Mchana ni mpira, kamba na nyimbo, jioni wanaota moto na kusikiliza hadithi za Biblia. Nimeona watoto waliokuwa hawasemi na mtu wakirudi wanaimba njia nzima ndani ya matatu. Kazi ile naipenda, na watu wenyewe nawapenda. Yule mama ndiye aliyenifundisha kushika gitaa. Mwanangu wa kwanza alipoitwa kidato cha kwanza, nusu ya karo walitoa wao, na mpaka leo wanatoa.

Mwaka huu wameniomba niwe mama wa kambi, nilale na wasichana. Itakuwa likizo ya Agosti, Jumatatu mpaka Ijumaa, ufuoni upande wa kaskazini. Wanataka watoto 60. Vijana wanane watakuja kutoka kwao kusaidia. Mimi siwajui, nao hawajawahi kufika Mombasa.

Kinachoninyima usingizi ni hiki. Jirani yangu ni mama mzee Muislamu, mimi humwita Nyanya, analea mjukuu wake wa miaka 10. Mtoto huyo na binti yangu ni chanda na pete. Asubuhi wanakwenda shule pamoja, jioni mwenzake akienda chuoni kusoma Kurani, wangu anamngoja barazani mpaka atoke. Ramadhani Nyanya hatuachi bila sahani ya kaimati. Krismasi mimi nampelekea pilau, na kuku huwa namchinjisha kwa mtu anayemjua yeye, ili ale bila wasiwasi.

Binti yangu akamsimulia mwenzake habari za kambi, na mtoto sasa hana wimbo mwingine. Nilipomtajia Pasta, yule mume mmisionari, alifurahi sana. Akasema nimlete, lakini nyanya yake nimwambie ni kambi ya michezo na kuogelea. Nisianze na mambo ya dini, kwa sababu atakataa, na mtoto atakosa nafasi ya kumsikia Yesu. Nilipositasita akanikumbusha maneno ya Bwana, waacheni watoto wadogo waje kwangu.

Nikaiangalia fomu ya kambi. Ina mistari mitatu tu: jina, umri, nambari ya simu. Mahali pa mzazi kutia sahihi hapapo. Nikaangalia ratiba, kila siku saa nane mchana imeandikwa "kuogelea baharini". Nikauliza nani atawachunga majini, nikaambiwa wale vijana wote wanajua kuogelea.

Na kuna jambo la mwaka jana ambalo bado linaniuma. Picha za kambi zilitumwa kwa wafadhili wao. Moja ilikuwa ya mvulana ninayemjua, hana viatu, shati limechanika, na maandishi chini yakasema mtoto huyu hana mtu. Viatu alivivua ili acheze mpira. Mama yake yupo, anauza viazi karai pale stejini, na picha ilimfikia kwenye simu. Tangu siku ile akiniona anageuza uso.

Juzi yule mjukuu wa Nyanya alikuja kwangu na mkoba wake wa shule. Akaufungua kunionyesha: leso moja, mswaki, na kipande cha sabuni amekifunga kwenye karatasi ya daftari. "Mama Baraka, mimi niko tayari." Kambi bado wiki tano.

Mume wangu anasema ninyamaze, mkono mtupu haulambwi, nisije nikamponza mtoto na karo yake. Mimi sijui nianzie wapi.

Mama Baraka, Kisauni

JIBU

Dada yangu Mama Baraka,

Anzia kwa Nyanya, na uende wiki hii, kabla hata hujaongea na Pasta. Mtoto ameshafunga sabuni yake. Kila siku unayoongeza, tamaa yake inakua, na siku nyanya yake akisikia habari hizi kwa mtu mwingine, atajiuliza wewe ulikuwa unajua tangu lini.

Mwambie yote. Ni kweli kwamba kambi ni ya michezo na kuogelea. Lakini mtu mwenye kisukari akikuuliza chai hii ina nini, ukamtajia maji, maziwa na majani, ukaruka sukari, hukutamka uongo hata neno moja na bado umemdhuru. Hivyo ndivyo unavyoombwa umfanyie mama aliyekulishia watoto wako kaimati.

Nenda saa ambayo hana haraka, labda alasiri anapokuwa ameketi kwenye mbuzi anakuna nazi. Mwamkie shikamoo, kaa chini, umwambie kwa maneno ya kawaida: "Nyanya, kuna kambi ya watoto Agosti. Ni ya kanisa letu. Watacheza na kuogelea, lakini pia watafundishwa Biblia na kuimba nyimbo za Kikristo. Wangu atakwenda. Mjukuu wako anatamani kwenda kwa sababu ya mwenzake. Nimekuja nikwambie mwenyewe, usije ukasikia barabarani." Kisha unyamaze. Usimbembeleze, usimweleze faida, usimwambie mtoto atalia. Akijibu "haya mwanangu, tutaona", ujue amekataa. Mama zetu wa pwani hawamtupii jirani neno "hapana" usoni. Usirudi kesho kumuuliza ameona nini.

Akikataa, mtoto ataumia, na hapo ndipo utakapohitajika. Mwombe Nyanya akuruhusu uwachukue wasichana wote wawili Jumamosi moja kwenda ufuo wa Pirates pale Bamburi, na yeye mwenyewe mje naye akitaka, na chakula mtoke nacho nyumbani kwake. Bila Biblia na bila gitaa. Wewe na wao na bahari. Mtoto ataona kwamba kukosa kambi hakukumkosesha rafiki.

Na akikubali, akasema aende lakini wakati wa ibada asiwemo, basi sharti lake liwe sheria kwako. Apewe kazi nyingine saa ile, akae nawe jikoni, na asiachwe mtu wa kumvuta pembeni na kumfundisha kwa siri. Kama huwezi kuahidi hivyo kwa niaba ya watu wote wa kambi, mwambie Nyanya kwamba huwezi.

Sasa Pasta. Simdhanii vibaya. Mtu aliyeacha kwao akaja kulala kwenye hema na watoto wa watu kwa miaka mitatu, akitoa karo mfukoni, ana upendo. Lakini mstari aliokusomea ameuanzia katikati. Fungua Marko sura ya 10, aya ya 13, mwanzo wa habari yenyewe: watoto wale waliletwa. Walikuwa na watu wao, waliokuja mchana kweupe wakijua wanawapeleka kwa nani, na waliokemewa na Bwana ni wanafunzi waliowazuia hao waliowaleta. Katika hadithi ile hakuna mtoto aliyetolewa kwao kwa hila. Msomeeni pamoja, wewe na mkewe, kwa upole.

Mkumbushe pia jinsi Injili ilivyoingia mji huu. Mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alitanguliza barua ya Seyyid Said, Sultani wa Zanzibar, Muislamu, iliyowataka magavana wake wa pwani wampokee vizuri, na barua haikuficha kwamba mtu huyu anataka kuwavuta watu kwa Mungu. Alibisha hodi, akasema amekuja kufanya nini, akafunguliwa. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga upande wa Nyali, akabaki, akajifunza lugha yetu, na mwaka 1846 akafungua kituo cha misheni cha Rabai pamoja na mmisionari mwenzake Rebmann. Wewe unayepita Kengeleni kila ukienda mjini, unapita mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, kijiji cha walioachwa huru kutoka utumwani kilichoanzishwa mwaka 1875. Wakristo na Waislamu wa hapa wana historia ndefu ya kuishi mlango kwa mlango, na imebebwa na watu waliosema wazi wao ni nani. Hata kazi ya ufuoni anayoifanya Pasta ilianza hivyo. Mwaka 1868 kule Llandudno, Wales, Josiah Spiers aliandika kwenye mchanga kwamba Mungu ni upendo, na watoto waliokuwa ufuoni wakayapamba maneno yale kwa kombe na mwani. Yaliandikwa mahali ambapo kila mpita njia aliweza kuyasoma.

Kuna jambo jingine ambalo mgeni huenda hajalielewa, na wewe ndiye wa kumwelewesha. Watu wa pwani bado wana jeraha la Shakahola. Tangu Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 katika msitu ule wa Kilifi, mingi ya watoto, na wote walipelekwa huko kwa jina la Yesu. Mzazi wa Kisauni akisikia watoto wamechukuliwa kulala mahali kwa ajili ya dini, hayo ndiyo yanayomjia kwanza, awe Muislamu au Mkristo. Kambi inayoficha shughuli yake inamthibitishia hofu yake. Ukiwa na Pasta mwende kwa mzee wa mtaa na chifu wa mahali pa kambi, na ofisi ya watoto ya kaunti ndogo, mseme ni kambi gani, watoto wangapi, siku ngapi. Wazazi waruhusiwe kuja siku yoyote saa yoyote bila kuarifu kwanza. Mzazi akifika saa tano asubuhi akakuta watoto wanaimba, atakwenda kuwatuliza wengine kumi.

Fomu ile irudishwe ikaandikwe upya. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 imejengwa juu ya hilo. Fomu ieleze kambi ni ya kanisa na watoto watafundishwa nini, halafu mzazi au mlezi atie sahihi yake. Iulize afya kwa undani. Dada yangu, kwa hili usikubali haraka. Hapa pwani tuna watoto wengi wenye selimundu (sickle cell), na mtoto wa selimundu akikaa kwenye maji baridi, au akicheza juani bila kunywa maji, maumivu yanaweza kumshika usiku uleule. Ana pumu? Pampu yake atashika nani? Samaki, pweza, karanga, kipi kinamdhuru? Na mbu wa ufuoni hawajui kwamba watu wako kambini, kila hema liwe na chandarua.

Picha: tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, huwezi kuchukua na kutumia habari za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi wake, na picha na jina lake ni habari zake. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, mfikirie yule msichana. Picha yake akiwa amefumba macho kwenye ibada, na maneno chini kwamba binti wa Kiislamu amempata Yesu, ikitumwa kwa wafadhili leo, kesho itakuwa kwenye simu ya mjomba wake. Pasta atabaki na barua ya shukrani kutoka ng'ambo, na mtoto ataulizwa maswali barazani ambayo mtoto wa miaka 10 hawezi kuyajibu.

Kwa mama wa viazi karai, mwende wewe na mke wa Pasta. Picha iondolewe kwanza kila ilipowekwa, wafadhili waandikiwe kwamba maelezo yale hayakuwa kweli, ndipo mwende mkamwombe radhi. Msimpelekee unga wala sukari. Mama yule aliambiwa mbele ya dunia kwamba hayupo, na anachotaka ni kusikia mtu akisema tulikosea, wewe upo.

Bahari nimeiacha mpaka hapa kwa sababu ndiyo inayonitisha kuliko yote. Ratiba inayosema kuogelea saa nane kila siku imeandikwa na mtu aliyezoea bwawa. Maji yetu yanachelewa kwa karibu dakika 50 kila siku. Kama Jumatatu saa nane yamejaa, Ijumaa saa ileile yako nusu njia tu, bado yanapanda kutoka kupwa. Na kujaa kwenyewe si kwa mchezo, wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika karibu mita 4. Unajua watoto wanavyofanya maji yakipwa. Wanatembea kwa miguu mpaka karibu na mwamba kutafuta kaa na kombe. Maji yakianza kurudi hayawafuati kwa mbele, yanajaza kwanza mikondo iliyo nyuma yao, na wakigeuka wanakuta kati yao na ufuo pana kina. Agosti ni kusi, upepo unasukuma na mawimbi si yale ya Desemba. Kijana anayejua kuogelea kwenye bwawa la kwao hajui lolote katika haya, na akikurupuka kumwokoa mtoto kwenye mkondo, mtakuwa mnatafuta watu wawili.

Kwa hiyo tafuteni mvuvi au mtu wa kuokoa majini aliyekulia ufuo huohuo, mumlipe, na neno lake lishinde la Pasta. Akisema leo hapana, ni hapana. Ogeleeni saa ambayo maji yametulia karibu na ufuo, watoto wachache kwa zamu, kila mmoja na mwenzake wa kumshika mkono, na mtu mzima akiwahesabu wakiingia na wakitoka. Wasiojua kuogelea maji yasipite magoti. Asiyetaka kuingia asisukumwe.

Usiku nao una taratibu zake. Wasichana mbali na wavulana. Mtu mzima asiwe peke yake na mtoto mmoja ndani ya hema, hata awe Pasta, hata uwe wewe. Msichana akienda chooni usiku, waende wawili na tochi, na mmoja wenu awe macho. Wale vijana wanane kila mmoja aje na cheti cha tabia njema kutoka polisi wa kwao, na nyinyi wa hapa mchukue vyenu vya DCI, idara ya upelelezi wa jinai. Haijalishi wanatoka kanisa gani. Watoto waambiwe siku ya kwanza, kwa Kiswahili chepesi, kwamba mtu akiwagusa au akiwaambia "usimwambie mtu", waje kwako, na kwamba nambari 116 ni ya kusaidia watoto na haina malipo. Sasa jiulize utawaambiaje hivyo ikiwa mmoja wao kaletwa pale kwa siri iliyopangwa na watu wazima.

Nikija kwa karo, namwelewa mume wako. Mtoto amefika kidato, hakuna mzazi anayechezea hilo. Lakini karo ile walitoa kwa mapenzi, na kama ni watu ninaowasoma katika barua yako, hawataiondoa kwa sababu umewaambia ukweli kuhusu jirani yako. Ongea nao mkiwa mmeketi, si kwa ujumbe wa simu, na anza na yule mama aliyekufundisha gitaa. Mwambie: "Mimi nitakuwa mama wa kambi kwa moyo wote, lakini kila mzazi ajue ni kambi ya nini, na watoto wasiingie majini bila mtu anayeijua bahari hii. Bila hayo sitaweza." Na usiliongee peke yako mpaka mwisho. Mchungaji wako na wazee wa kanisa wajue, kwa sababu wageni hawa wamesimama chini ya jina la kanisa lenu. Wakati huohuo, wewe na mumeo kaeni chini mhesabu karo ya muhula ujao mkiwa hamjaweka fungu lao. Chama cha akina mama, mkopo mdogo, ofisi ya basari ya kaunti, vyote viulizeni sasa, mkiwa hamjabanwa. Mtu ambaye ameshahesabu huongea kwa utulivu.

Pasta akikataa kabisa, usiende, na binti yako asiende. Usimtangaze vibaya mtaani, lakini mzazi akikuuliza kwa nini humo, mjibu.

Sidhani itafika huko. Wageni wengi wanaokuja na kazi hii hawajapata mtu wa kuwaambia. Wanasifiwa na kushukuriwa, na wanaojua bahari na wanaowajua akina Nyanya wananyamaza kwa sababu ya karo.

Ukitoka kwa Nyanya, shuka mpaka kwa wavuvi ukawaulize wiki ile ya kambi mwezi utakuwa wa siku ngapi, bamvua au maji mafu, yaani maji madogo. Andika jibu lao juu ya ile ratiba kwa kalamu, ndipo uipeleke kwa Pasta.